Dawa ya Msimu wa Giza

Mbalamwezi ikitanda juu ya Igombe
mitumbwi ya dagaa hulala kifudifudi mchangani,
nawe hulala mpaka saa nne, mgongo wazi,
nami nahesabu vipele kwa ncha ya kidole
kama mtu anayesoma barua kwenye mwanga hafifu.
Ishirini na saba.
Juzi vilikuwa thelathini na kimoja.

Kazi yako, Lushinge, ni kuwasha taa majini
ili wadudu waje, na wadudu wakija, dagaa wawafuate.
Mbu naye huiona ile taa
akaja kwenye karamu asiyoalikwa
akakuta nyama imekaa, imeshika kamba, haina mkono wa kujipiga.
Basi kazi yangu ni kumfukuza mgeni mmoja
bila kuwagusa wenzake.

Mchaichai nimeuomba kwa Mama Kwangu,
ule unaokunywa maji ya bafuni kwake, umenenepa kama mwali.
Nimeukata, nimeuponda kidogo tu.
Kashwagara niliichuma njia ya Kayenze,
ileile bibi aliyoitandika chini ya kihenge
dumuzi wakahama, na wachawi pia, kwa maneno yake.
Sikubishana naye. Dumuzi niliwaona wakihama.

Sufuria kubwa, maji vikombe viwili, jiwe katikati,
juu ya jiwe bakuli,
mfuniko umegeuzwa kichwa chini,
na juu yake barafu niliyoinunua kwa wauza sangara,
ina magamba mawili ndani, yanang'aa.
Moto mdogo. Mdogo zaidi ya huo.
Mvuke unapanda na kiburi chake,
unagonga baridi, unarudi ukiwa tone.
Saa tatu nzima, gunia nusu la majani,
na mafuta hayajajaza kizibo cha soda.
Nilicheka peke yangu jikoni.
Nilikumbuka mgao wako wa mwezi uliopita.

Mara ya kwanza nilikosea.
Karafuu niliimimina kwa mkono wa anayependa.
Uliruka, ngozi ikawaka,
ukasema, "Mbu angalau huuma akaenda zake."
Sikulala vizuri siku ile.

Mara ya pili nilipima:
vijiko viwili vya mafuta ya nazi,
mchaichai matone sita, kashwagara mawili,
karafuu moja, nalo nililisitasita.
Nikakupaka kwenye kiwiko, kwa ndani,
nikakwambia tungoje hadi taarifa ya habari iishe.
Waziri akafungua daraja, timu ikafungwa, mvua ikatabiriwa.
Hukujikuna.

Giza liliporudi ulipanda mtumbwini
ukinukia kama chai ya wageni.
Bugingo nahodha akavuta pua:
"Nani kaleta harusi humu?"
Usiku ule mlipata madebe mawili.
Mwenye kosa akajulikana: chupa.
Akataka itoswe ziwani, ukaificha ndani ya soksi.
Usiku wa pili mlijaza
mpaka maji yakalamba ukingo wa mtumbwi.
Mwenye sifa akajulikana: Bugingo.

Sisemi nimeishinda malaria.
Chandarua bado kimening'inia, na kitaning'inia.
Dawa yangu huchoka mapema kuliko wewe,
nyavu huifuta viganjani, maji huikoga,
lazima upake tena taa zikianza kuvuta umbu,
na wewe husahau.
Alfajiri ulirudi na vipele vinne,
vyote kwenye kifundo cha mguu wa kushoto.
Nilivihesabu mara mbili kwa raha tu.

Na jioni hii, mwezi ukiwa bado haujafikiria kuchomoza,
mlango umekoholewa.
Ni Bugingo, na kichupa kitupu cha dawa ya kifua,
ameoshwa lebo yake, kimekaushwa vizuri.
Anazungumzia upepo. Anazungumzia bei ya mafuta ya taa.
Anasema mbu wa mwaka huu hawana adabu, shemeji.

Nikamvutia kigoda.
"Kunja shati, nipe kiwiko," nikasema.
"Halafu tungoje hadi taarifa ya habari iishe."