Mita Mia na Sabini

Natoka chini ya mji, katika handaki jipya
lenye taa nyeupe na harufu ya saruji,
napanda, naiona mbingu ya Karlsruhe,
nawapigia kengele wenye baiskeli,
na mpaka hapo mimi ni tramu:
taa ikiwa nyekundu nasimama kama watu wengine.

Kisha, baada ya kituo cha Albtal,
waya wa mji unakwisha
na waya wa reli kuu bado haujaanza.
Volti mia saba na hamsini huku,
elfu kumi na tano kule,
na katikati mita mia na sabini
zisizo na mwenyewe.
Humo unapita kwa kasi uliyokuja nayo,
hakuna wa kukuongezea.
Taa huzimika. Feni hunyamaza.
Mgeni hutazama juu;
mwenyeji hainui jicho gazetini.
Kufumba na kufumbua, taa,
na sasa mimi ni treni, nina ruhusa ya kukimbia
hadi Rastatt, hadi Gaggenau,
hadi Forbach ambako mto Murg unapiga kelele chini ya madaraja
na vituo vingine havisimami mpaka ubonyeze kitufe.

Ramani yetu iko ukutani, juu ya mlango.
Mwanangu Tuncay, akiwa na miaka mitano,
aliitazama akasema: mama, nani kamwaga tambi?
Tangu siku hiyo siwezi kuona njia,
naona chakula cha jioni cha watu wa mabonde.

Jumanne moja ya Februari
batamaji alisimama kwenye reli.
Mweupe, shingo ndefu, hana hili wala lile.
Nilikanyaga breki.
Aliondoka kwa wakati wake, akitikisa mkia,
nami nikabaki mita ya tisini,
gizani, bila huku wala kule.

Watu ishirini na sita.
Kwanza simu zilimulika, kila mtu na kisiwa chake.
Kisha baridi ikaingia, na visiwa vikasogeleana.
Msichana wa chuo, Ottilie, alifungua begi
akagawa soksi.
Soksi! Alikuwa akizipeleka kwa bibi yake Gernsbach,
jozi kumi na moja, sufi tupu.

Mzee Wendelin Haitz alikuwa kiti cha mbele,
jicho moja limefungwa bandeji, anatoka kwa daktari.
Giza hili, alisema, nusu yake nimeshaizoea.
Nilimwomba radhi.
Akasema: Bi Zeyrek, nimetengeneza karatasi Weisenbach
miaka thelathini na minane.
Karatasi nayo ina mahali pake kama hapa,
imeshaacha maji, haijafika kwenye joto;
si uji, si karatasi.
Mkosaji ni yule anayeigusa hapo.
Ukiigusa, inachanika mpaka mwisho wa mashine.
Akanyamaza, akavaa soksi mikononi.

Dakika arobaini.
Ludger alikuja nyuma na gari lake la njia ya saba,
akanigusa bega taratibu, nusu ya kishindo,
akanisukuma mita themanini zilizobaki.
Taa ziliporudi kila mtu alimwona jirani yake
na wengine waliona haya.
Hakuna aliyerudisha soksi.

Fomu ya ofisini ina mstari mmoja:
Sababu ya kusimama.
Niliandika: batamaji.
Wakairudisha. Walitaka kujua kasi.
Nikaandika kasi, nikaandika saa, nikaandika halijoto ya nje,
na pembeni, kwa herufi ndogo, batamaji.

Sasa kila jioni, baada ya Albtal,
nawaona kwenye kioo changu wale wa gazeti.
Mmoja mmoja wanainua macho kabla ya taa kuzimika.
Mimi nahesabu.
Mkono nauondoa kwenye usukani wa kasi,
nauweka gotini.
Siigusi.