Kutu

Mimi fundi wa friji, Langoni.
Kutu naijua kwa tabia zake zote:
ile ya juu, inayobanduka kama gamba la kidonda,
na ile ya ndani, ya pole pole, isiyo na harufu,
mpaka siku bomba linapotoboka.

Shekuwe alinipigia simu: "Friji yavuja, ndoo!"
Sikujua ananiita au anataka chombo.
Nikaenda na vyote viwili, mimi na ndoo.

Chini ya kreti, soda zilizopasuka mwaka mzima
zimeganda, nyeusi, zanata kama ulimbo,
na chuma kimekuwa kaki, ukikigusa chavunjika.
Yeye kanisimamia na chupa ya chungwa mkononi,
ya tatu, na adhuhuri haijaadhiniwa.
"Chakula nimepunguza," akajisifu. "Sahani moja kutwa."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Cha Shekuwe kina kizibo.

Dada yake Mwanashee, mpima damu hospitalini,
alikuwa kaketi juu ya gunia la mchele.
Hakumgombeza. Aliichukua tupa yangu, akaigeuzageuza.
"Hata mwilini mna mafundi," alisema,
"wadogo, mtaani hakuna awajuaye.
Chakula kikiungua hutoa masizi,
nao hukwangua, hupaka rangi, usiku kucha.
Ukila kwa kiasi, moto hupoa, wakapumua.
Lakini wewe umewakata posho:
mchicha hakuna, samaki hakuna, hata ndimu,
kisha wawamwagia sukari,
moshi juu ya moshi.
Huko si kula kidogo, kaka.
Hiyo ni njaa yenye mapovu."

Friji ikanguruma, ikanyamaza.

Nilikwangua mpaka alasiri,
nikapaka rangi ya kuzuia kutu, tabaka mbili.
"Itadumu?"
"Yategemea utakachoitilia."
Hakucheka.

Jana nimepita tena.
Rafu ya juu, maji ya ukwaju, hayana sukari,
yanakunja uso kabla hujayaonja.
Kando, bakuli la wali na mchicha, limefunikwa sahani.
Na nyuma kabisa, chupa moja ya chungwa.
"Ya wageni," akasema haraka.

Nikachungulia nje, kichochoro chote:
punda mmoja, na jua.
"Basi leo mgeni ni mimi."
Nikainywa yote, wima,
na mikono yangu bado ina kutu.