Arobaini na Moja

Barabara ya Tusheti hufungwa Oktoba.
Wenye kondoo hushuka uwandani,
sisi kumi na wawili hubaki na mbwa,
na theluji hupanda ukutani mpaka Mei.
Mlingoti wa simu haujawahi kufika huku.

Bachuki, fundi wa kujifundisha,
aliparamia minara ya mawe ya mababu
na vidude vinane ndani ya vibweta vya jibini:
antena ya kiganja kimoja, bamba la sola
lisilozidi daftari la mtoto wa shule.
Alitueleza jikoni kwangu, mkate ukiiva:
humu hamna mkubwa, hamna makao makuu.
Kila kimoja husikiliza, kikisikia hurudia,
cha jirani hurudia, na cha jirani wa jirani.
Neno likisharuka mara tatu, huachwa lipumzike.
Ni kimia, akasema, si kimya.
Na ujumbe mmoja ni herufi mia mbili.
Sisi, ambao kuinua glasi moja ya divai
hutugharimu robo saa ya maneno!

Zezva alikataa. "Sina la kumwambia mtu."
"Husemi," Bachuki akamjibu, "unapitisha."
Nyumba yake imekaa kwenye kiwiko cha bonde;
bila yeye, mashariki haiisikii magharibi.
Akakubali kama mtu aliyeachiwa paka wa mwenzake.
Kidude juu ya paa, yeye chini, wamepeana mgongo.

Maneno yetu yakawa yanapita juu ya usingizi wake,
yamefungwa kwa ufunguo asiokuwa nao:
Eteri akiulizia vidonge vya presha,
Otia akihesabu mbwa mwitu kivukoni,
mimi nikimwambia mtu jambo
ambalo hata leo silirudii.
Yeye aliona taa ya kijani ikipepesa, basi.
Lakini kila alfajiri alipanda ngazi na ufagio
akalipangusa bamba.
Tulijua, maana kidude hutangaza betri yake
bila kuulizwa, bila hata hujambo:
tisini na sita. Tisini na nne. Tisini na sita.

Tarehe nane Februari: themanini.
Nikasingizia mawingu.
Tarehe tisa: sitini na tatu,
na kwa Eteri, ng'ambo tu ya mto, jua lilichoma macho.
Nikaandika, nikijua hasomi: Zezva, ufagio uko wapi?
Tarehe kumi: arobaini na moja.
Miaka ishirini nimesoma vipimajoto vya watu;
namba ile niliijua ni ya mwili.
Nikatuma kwa wote: Zezva hafagii. Twende.
Ili imfikie Otia, ilibidi ipite
juu ya paa lake mwenyewe.

Otia alitoka mashariki kwa skii za marehemu babake,
mimi na Bachuki magharibi, theluji kiunoni.
Tulimkuta jikoni, nyonga imevunjika.
Alikuwa ameanguka ngazini, akajiburura ndani,
akachoma viti viwili na mlango wa kabati.
Hakuuliza tumejuaje.
Akauliza, "Huko juu, nani amepangusa?"
Bachuki alikwisha kuwa ngazini.

Neno liliruka mara tatu kamili hadi uwandani.
Helikopta ilikuja kesho yake, na Zezva
akaenda akiitukana kelele yake.

Oktoba hii amerudi, siku mbili kabla ya kufungwa,
na gongo, na amri ya daktari: ngazi, marufuku.
Tumeuunga ufagio kwa mti wa mbetula, mita tano.
Hufagia akiwa chini, kichwa nyuma, theluji ikimwangukia usoni.
Tisini na tano, leo.

Na jana, saa nne za usiku, skrini yangu iliwaka.
Ujumbe wa kwanza kutoka kwa Zezva.
Herufi moja: e.
Labda kidole kiliteleza.
Niliitazama mpaka chai ikapoa,
kisha nikamrudishia kama ilivyo.