Mengineyo

Sanduku ni la bati, kufuli limeliwa na kutu.
Ufunguo aliniachia mtendaji aliyehamishwa,
umefungwa kwa uzi wa gunia la kahawa.
"Humo mna kijiji," alisema, akapanda bodaboda.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Kirashani nimeletwa na barua.
Sijui mfongo upi ulichimbwa na ukoo upi,
wala kwa nini akina Kilawe na akina Mremi
wakikaa benchi moja huacha nafasi ya mtu katikati.
Basi usiku, umeme ukikatika,
nawasha tochi ya simu, nasoma.

Kitabu cha kwanza. Wino wa buluu umegeuka kahawia.
Karani wa Mangi, mwandiko umelala
kama mahindi yaliyopitiwa na upepo.
Kodi ya kichwa: themanini na wawili wamelipa,
kumi na mmoja wamejificha msituni,
mmoja, Ndewirwa, ameleta mbuzi
na mbuzi amekataliwa kwa sababu ya jicho.

Kurasa arobaini mbele, neno Mangi limekatwa.
Mstari mmoja, rula imetumika.
Juu yake: Mwenyekiti.
Kiti ni kilekile, cha seremala wa misheni,
mguu mmoja mfupi, kipande cha kigae chini yake.

Halafu daraja la korongoni.
Limejadiliwa sitini na nne.
Limejadiliwa sabini na moja, mbao zikanunuliwa,
mbao zikaonekana kwenye nyumba ya mtu.
Jina la mtu halikuandikwa.
Nyumba imeandikwa: ile ya mabati mapya,
inaonekana toka barabarani.

Nimejifunza kuanzia nyuma.
Ajenda zilitoka Moshi, zimepigwa taipu.
Mengineyo yalitoka hapa.

Mbuzi wa Anasia amekula masale ya mpaka.
Je, mpaka bado upo?
Mwalimu mpya anaomba kitanda.
Kahawa ya Elingaya imeng'olewa usiku, pameota nyanya,
na Elingaya mwenyewe anauliza nani aliyefanya hivyo.
Sifaeli amesema theluji ya Kibo inapungua,
malalamiko yapelekwe ofisi gani?
Kikao kilicheka.
Karani akaandika: kikao kilicheka.

Na sabini na sita, mwezi wa masika, mistari miwili:
Apaikunda, mjane, amesimama.
Kihamba kikienda kwa shemeji, yeye aende wapi?
Mwenyekiti: limepokelewa.

Chini yake, kwa penseli, mwandiko wa mtu mwingine,
umekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka:
likawekwa wapi?

Nimelitafuta. Sabini na saba halimo,
themanini halimo. Yatokanayo hayakutokana.
Daraja lipo kila mwaka, halikosi kikao hata kimoja.

Jana akidi ilitimia saa nane badala ya saa nne.
Daraja, tumejadili.
Mita za maji, tumegombana.
Watu walishaanza kutafuta miavuli
nilipoita mengineyo,
na msichana mmoja akasimama, kofia ngumu ya pikipiki mkononi.
Bibi yangu, alisema, aliwahi kuuliza swali humu ndani.
Sikuja na lingine. Nimekuja na lilelile.

Mwenyekiti akakohoa.
Ninakijua kikohozi hicho, nimekisoma miaka hamsini.
Kalamu yangu ilishaandika lim
ikakwama hapo.

Mtendaji hana kura. Nikauliza tu, kwa ajili ya muhtasari:
likipokelewa, niandike limepokelewa na nani?

Mvua ilisikika kwenye bati.
Mzee wa akina Kilawe alitazama viatu vyake,
wa akina Mremi akatazama viatu vya Kilawe.
Msichana hakungoja. Alikwenda akakaa
pale katikati yao, kwenye ile nafasi,
akaiweka kofia mapajani.

Nimeacha mistari sita mitupu.
Kikao kimeahirishwa hadi Jumanne.
Waliohudhuria: tazama orodha.
Jina lake nimeliandika kwa wino.