Milimita Nne

Mashine ililetwa Malindi mwezi wa Shaabani,
kwa lori la saruji, imefungwa magodoro mawili,
na kabla hatujaifungua tulikwisha ipa jina: Bi Arusi,
kwa kuwa ilifika usiku, imefunikwa gubigubi,
na kila mmoja wetu alitaka kuiona uso.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Ana macho mawili. Hapepesi.
Hutazama tufe nne za fedha, ndogo kama kunazi,
zilizopachikwa juu ya kijiti cha chuma,
na kijiti kimebanwa kwenye mwiba wa pingili ya mtu.
Kutoka hapo hujua kila kitu:
bisibisi iko wapi, imeinama kiasi gani,
umebaki unene gani wa mfupa
kabla ya kuufikia ugwe unaoamrisha miguu.

Mtu mwenyewe ni Mwaringa Chengo, mgema wa Jilore.
Alituambia: "Mimi sikuanguka. Mnazi uliniachia."
Nilipomuuliza kama anavihisi vidole vya miguu
alifikiri kwanza.
"Ni kama deni la zamani," akasema.
"Najua lipo, lakini halinibishii mlango."

Basi tukamlaza kifudifudi saa tatu asubuhi.
Daktari Mwanaesha Shekue akachana.
Mimi, Dama, kazi yangu ni kuhesabu pamba na kupokeza vyuma.
Skrubu ya kwanza iliingia kama ufunguo kwenye kufuli lake.
Ya pili vivyo hivyo. Kwenye kioo
mstari wa kijani ulishuka katikati ya mfupa,
safi, kama umepigwa kwa rula.

Stima ikakatika.

Sekunde kumi na moja. Nilizihesabu kama ninavyohesabu pamba.
Jenereta ikakohoa huko nyuma ya jiko, taa zikarudi,
Bi Arusi akafumbua macho
akaonyesha mstari uleule wa kijani,
katikati ya mfupa, safi.

Lakini gizani nilikuwa nimesikia tik.
Sauti ndogo, ukucha ukigusa kikombe.
Kiwiko cha nani? Sijui hadi leo.
Huenda changu.

Kunena leo ni rahisi.
Wewe jaribu kusimama mbele ya kioo kinachong'aa kwa uhakika,
mwakilishi wa kampuni kando yako, marashi yake yanapenya barakoa,
daktari bisibisi mkononi,
useme: "Samahani. Nimesikia tik."

Nilisema.

Daktari hakunitazama. Aliiweka bisibisi chini,
akachukua kijiti cha kupimia, akaigusisha ncha yake juu ya mwiba,
na sote tuliona, kwa macho ya kuzaliwa nayo,
chuma kimegusa mfupa.
Kwenye kioo ncha ilikuwa inaelea,
milimita nne kushoto kwa Mwaringa,
ikimtibu mtu mwingine aliyelala ubavuni pake,
mtu asiyekuwepo.

Hakudanganya Bi Arusi. Hilo nataka liandikwe.
Aliulizwa habari za kijiti, akajibu habari za kijiti.
Ni sisi tuliodhani kijiti ndio mgongo.

Tukakibana upya, tukapiga picha upya. Dakika arobaini.
Mwakilishi alitoka nje kupiga simu.
Skrubu ya tatu, ya nne: kabla ya kila moja
Daktari alipitisha waya mwembamba ndani ya tundu,
akapapasa kuta zake, akapapasa sakafu,
amefumba macho,
kama mtu anayetafuta sarafu
katika mfuko wa kanzu ya marehemu.

Siku ya tatu, wodini, nilifunua shuka.
"Mwaringa, kidole gumba. Kisogeze."
Alikikodolea muda mrefu, kama baba anayemwita mtoto mkaidi
mbele ya wageni.
Uji wake ukapoa.
Nikaanza kuishusha shuka, nikitafuta la kumwambia,
na hapo kikasogea.
Si kingi. Nzi angetua asishtuke.

Mwaringa akavuta pumzi.
"Haya," akasema. "Mdai huyo, anapiga hodi."