Madaftari ya Hinabuyan

Bahari iliingia ofisini bila hodi,
ikapanda ngazi tatu za manispaa,
ikafungua kabati la chuma nililokuwa nikilifunga kwa funguo mbili,
ikasoma.

Ilisoma usiku kucha. Asubuhi
miaka themanini na miwili ya waliozaliwa, waliooana, waliokufa
ilikuwa uji wa buluu ndani ya droo,
na kaa mmoja mdogo amekaa juu ya herufi M.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakusema lolote juu ya bahari ikimwagika.

Tulianika kurasa pamoja na mbata,
uwanjani, juu ya maturubai, tukizigeuza kwa reki ileile.
Harufu ya nazi ikaingia katika majina.
Zilipokauka hazikusomeka. Hata kuku
walizipita bila kuzidonoa.

Kisha mkoa ukaleta barua: andikeni upya.
Kila mtu aje na mashahidi wawili,
aseme alizaliwa lini, na nani.

Wakaja. Mji mzima, kwa bajaji na kwa miguu,
wamevaa nguo za Jumapili siku ya Jumanne.
Basilisa muuza dagaa wa chumvi akajipunguzia miaka saba,
na mashahidi wake, dada zake, wakaapa bila kupepesa,
nao wakapunguza yao,
ili hesabu ya tumbo la mama yao isigome.
Mwalimu Onofre akainama hadi sikioni mwangu:
"Nafasi ya baba iache wazi.
Yule aliyeandikwamo hakuwahi kuwamo."
Nikaiacha. Akanyooka
kama mtu aliyetuliwa gunia.
Mapacha wa kina Dalogdog wakagombania nani alitangulia,
kesi ambayo daftari la zamani lilikwisha kuiamua kwa dakika kumi na moja.
Wakarusha peso. Peso ikaviringika chini ya kabati.
Nikaandika: saa kumi alfajiri, wote.

Wasiokuwapo tuliwapigia.
Mama mmoja akapaza sauti kwenye simu hadi foleni ikanyamaza:
"Mwanangu, bado unalitaka lile jina?"
Kutoka Jeddah tukasikia sahani za watu zikioshwa,
bomba likafungwa,
kisha: "Andika lilelile, Mama. Ndilo lililo kwenye pasipoti."

Siku ya mwisho, nikiwa nafunika kidau cha wino,
akaingia Gaudencio wa barafu, kofia mkononi,
bila shahidi.
"Nina binti," akasema. "Tarehe nne Agosti.
Alikaa hadi tarehe sita."
Karani aliyenitangulia alimwambia, miaka thelathini na mmoja iliyopita,
kwamba wa siku mbili hana haja ya karatasi.

Jina?
Akalitazama dawati kana kwamba limeandikwa pale.
"Perlita. Mama yake alimwita hivyo. Mimi sijawahi kulitamka."

Urefu haukuwa na safu katika daftari
lakini alinionyesha hata hivyo,
kuanzia kiganja hadi kiwiko,
na mkono ule aliuacha wazi, juu ya dawati,
muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nikamwita Simplicia, mfagiaji. Akaegemeza ufagio,
akafuta vidole kwenye gauni, akatia sahihi.
Shahidi wa pili: mimi.
Nilishuhudia nini? Nilishuhudia mkono.

Nikamwambia vifo viko katika daftari jingine,
nikauliza kama nililete.
"Hapana," akasema. "Kwa leo hili moja linatosha."

Nje, barafu ilikuwa imemwishia mkokotenini;
mfereji mwembamba wa maji ulishuka mtaa
kuelekea kule yalikotoka yale mengine.

Nilipeleka jumla mkoani.
Wameandika kuuliza, kwa mhuri mwekundu,
imekuwaje Hinabuyan, baada ya tufani,
imezidi mtu mmoja.

Barua yao iko chini ya jiwe, dirishani.
Bado naianika.