Upande wa Kushoto

Jeshi limekwisha ondoka, mkanda limeniachia.
Nauvaa ubavu wa kushoto, chini ya ziwa
(hili langu, si lile la Kirumba)
hadi pale uti wa mgongo ulipoukatalia njia.

Majirani walikuwa wakipima kwa macho:
kichwa na mkia vikikutana, walinong'ona, ndiyo basi.
Havikukutana. Malengelenge yalikauka kabla ya vuli,
yakaacha makovu kama chaki
ninayochora kwenye kitambaa kabla ya mkasi.

Mimi fundi cherehani, hapa Igogo, chini ya mawe.
Viuno vya watu nimevishika miaka kumi na minane.
Sasa kanga yangu mwenyewe, iliyochakaa ikawa laini kama utando wa yai,
ikinigusa ni siafu.
Upepo ukipanda kutoka majini ni pasi ya mkaa.
Usiku nafunika ubavu kwa tenga la dagaa,
shuka lilalie tenga.

Shija ana miaka sita. Amejifunza kunikumbatia kulia.
Hutoka shule mbio, hufika, husimama,
huzunguka kama anayekwepa jiko.
Hilo halina dawa hata Bugando.

"Virusi vimelala," alisema Sista Ng'wasi,
akafurahi kwa niaba yangu.
Na hiki je?
Akavuta kiti. Hakusema ni mawazo, kama yule wa mwanzo.
Alisema tetekuwanga ya utotoni haikuondoka,
ilijibanza kwenye mzizi wa mshipa
ikingoja siku kinga yangu itakaposinzia.
"Ngozi imepona, mama. Mshipa wa fahamu
bado haujapata taarifa."
Akanipa kidonge kimoja cha usiku, kinachokausha mate,
na huenda mbili:
huenda kikatuliza, huenda ikachukua mwaka.
Nikazikunja zote mbili ndani ya kadi.

Leo Mama Kabula kaleta kitambaa cha sare ya kwaya.
Nilipomzungushia futi kamba alishtuka,
akapinda, akauficha ubavu wake wa kushoto.
Tukatazamana.
Cherehani ya jirani ikaendelea kukohoa.

Sikumuuliza anachukulia dawa wapi.
Nililegeza kamba, nikaandika daftarini:
mbavuni ongeza inchi mbili,
bitana ya pamba,
mshono uwe kwa nje.